Maswali ya Wasomaji: Vitatange Wadogo Katika Tangi Moja

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina tangi la matumbawe la lita 400, urefu wake sentimita 120. Mna kitatange mdogo mmoja, Centropyge loricula, yule mwekundu mwenye mistari myeusi, na ameishi peke yake mwaka mzima. Nataka kumletea mwenzake wa aina ileile, pamoja na Centropyge bispinosa mmoja. Muuzaji anasema watauana. Ni kweli?

JIBU: Wanaweza kuuana, ila hilo linategemea zaidi ukubwa wa samaki utakaowachagua na namna utakavyowaingiza.

Vitatange wa jenasi hii ya Centropyge huanza maisha wakiwa majike. Aliye mkubwa na mbabe kuliko wenzake hugeuka dume, na baharini dume huyo hutawala majike kadhaa katika eneo lake. Kwa hiyo huyo wako mchukulie kuwa ndiye mwenye mji. Mgeni wa aina yake lazima awe mdogo waziwazi: kama mwenyeji ana sentimita 8, tafuta wa sentimita 5. Ukileta wa kimo sawa, hakuna atakayekubali kushindwa, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli kwamba katika baadhi ya spishi dume aliyeshindwa ameonekana akirudi kuwa jike, lakini jambo hilo huenda taratibu. Ndani ya tangi mnyonge hufa kwa njaa na majeraha kabla hajafika huko.

Unapomchagua loricula, tazama ncha za nyuma za pezi la mgongoni na za lile lililo nyuma ya tumbo. Dume huwa na ncha ndefu, zilizochongoka, zenye buluu nyingi. Mwache huyo. Chukua mdogo mwenye mapezi ya mviringo na buluu kidogo.

Baada ya karantini ya wiki 4, watie wageni wote wawili siku moja, kila mmoja katika kisanduku chake angavu chenye matundu, kilichoning'inizwa ndani ya tangi karibu na mawe ambako mwenyeji hupita. Kuwatia siku moja kuna faida yake: hasira ya mwenyeji hugawanyika. Siku mbili za mwanzo atavigonga visanduku na kutunisha mapezi. Usiwe na wasiwasi. Waache humo siku 7 hadi 10. Wako tayari kutoka pale mwenyeji anapopita bila kujali na wao wanakula vizuri wakiwa kisandukuni. Siku ya kuwafungulia, badilisha mpangilio wa mawe machache, kisha wafungulie jioni taa zikishazimwa.

Kama baada ya siku 10 bado anavishambulia visanduku, geuza mambo: mfungie yeye kwa siku 4 au 5, wageni wapewe mawe. Mara nyingi akitoka humo ubabe umepungua, kwa sababu sasa ni yeye anayeingia katika eneo la wengine.

Kufukuzana kwa sekunde chache na kuachana ni kawaida, hata miezi baadaye. Hatari ni mgeni anayejibanza juu kwenye kona, nyuma ya hita au pampu, mapezi yamechanika, anapumua haraka na chakula hakifuati. Mtoe siku hiyohiyo. Ndiyo maana mtego wenye chambo uandaliwe mapema: kumkimbiza kitatange kwa kimia katikati ya matumbawe ni kuvunja matumbawe bure. Tena ana mwiba kwenye shavu unaonasa kwenye nyuzi, hivyo mkinge kwa chombo cha plastiki.

Kuhusu nafasi, lita 400 zinatosha watatu, na hapo ningeishia. Mashimo yana uzito kuliko lita. Panga mawe yawe na vipenyo vilivyo wazi pande mbili. Pango lenye mdomo mmoja ndipo mnyonge hubanwa na kung'atwa.

Bispinosa hatakusumbua sana, kwa kuwa rangi yake iko mbali na ya loricula. Wanaosumbua ni wanaofanana. Spishi nyingine za jenasi hii, flavissima, eibli na vrolikii, wako karibu kiasi kwamba huzaliana wenyewe kwa wenyewe baharini, basi kila mmoja humwona mwenzake kama mshindani wa damu moja. Na usidanganywe na umbo: Centropyge argi hafiki hata sentimita 10, lakini ni mkorofi kupita kiasi.

SWALI: Vitatange wangu wawili wameanza kumdonoa chaza wangu wa Tridacna. Niwalishe zaidi?

JIBU: Lisha zaidi, ndiyo: mara 3 kwa siku kidogo kidogo, mwani mkavu, spirulina, maisisi (vijidudu vinavyofanana na kamba wadogo), na chakula cha barafu chenye sifongo ndani yake. Lakini kwanza angalia wanadonoa wapi. Wakikwangua mwani kwenye gamba, hakuna neno. Wakiuma nyama, chaza hubaki nusu amefunga kutwa, mwani ulio ndani ya nyama yake hukosa mwanga, naye hudhoofika kwa njaa. Tabia hiyo ikishaanza ni nadra kukoma, kwa hiyo hamisha samaki au chaza. Zoanthus na matumbawe yenye nyama nene kama Trachyphyllia wako katika hatari ileile. Matumbawe ya Acropora husalimika mara nyingi zaidi. Hakuna kitatange mwenye dhamana.

SWALI: Jioni kabla taa hazijazimwa, mkubwa humzunguka mdogo, kisha wote hupanda juu pamoja. Wanapigana?

JIBU: Wanataga. Dume hugusa tumbo la jike kwa pua, hupanda pamoja, na mayai huelea. Huanguliwa ndani ya siku moja, ila viluwiluwi vyake vina vinywa vidogo mno hata kwa rotifa wa kawaida, vijidudu vya kulishia watoto wa samaki. Vingi huishia kwenye skima, kile kifaa cha kuondoa uchafu majini.

SWALI: Mmoja ana madoadoa meupe. Niweke dawa ya shaba ndani ya tangi?

JIBU: Usithubutu. Shaba huua matumbawe, konokono na kamba, na mawe huifyonza. Vitatange hawa nao huivumilia kwa shida, kwa hiyo afadhali njia ya kuhamisha. Watoe samaki wote, hata wasio na doa. Wahamishie chombo kingine kila baada ya saa 72, mara 4, kila chombo kikiwa kimesafishwa na kukaushwa kabisa, ili vimelea vinavyoleta madoa hayo, vikidondoka, viachwe nyuma kabla ya kuangua. Tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja kwa wiki 11.