Kumwacha tajiri aliyekutolea grinikadi

Masuali ya safari hii yametoka kwa Wazanzibari walioko Marekani na jamaa zao huku nyumbani. Yote yanazunguka jambo moja: mtu aliyepata ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi, kwa udhamini wa tajiri (mwajiri wake) amefungwa kwake mpaka lini? (Waliopata kwa bahati nasibu hawamo humu. Wao hawakudhaminiwa na tajiri yeyote, waende wapendako.)

Kadi yangu ina miezi miwili. Kampuni nyengine ya kompyuta inaniita kwa mshahara mzuri zaidi. Nikihama nitavunja sheria? (Wa Jang'ombe, niko Texas)

Hakuna kifungu kinachokutaka ukae miezi sita wala mwaka. Hiyo miezi unayoisikia ni tahadhari ya mawakili. Kinachoangaliwa ni nia, na sisi tuliosoma chuoni tunajua tangu wadogo kwamba kila amali na nia yake. Grinikadi ya kazi imesimama juu ya kauli mbili: tajiri anasema namtaka mtu huyu kwa kazi ya kudumu, na wewe unasema nitaifanya. Siku kadi inapitishwa, kauli hizo ziwe za kweli. Mambo yakigeuka baadaye si kosa.

Tabu ni ya yule anayepokea kadi Jumatatu na Ijumaa ameshaaga. Na si lazima aulizwe leo. Huenda akaulizwa baada ya miaka 5 anapoomba uraia, kwani fomu ya N-400 inataka kazi zako za miaka 5 iliyopita, na afisa anaweza kurudi nyuma kutazama kadi ilipatikanaje.

Ukiniuliza mimi, miezi miwili ni mapema, labda uwe ulishamfanyia kazi tajiri huyo miaka kadhaa kwa viza ya kazi ya muda, H-1B, kabla ya kadi. Hapo nia yako ina ushahidi. Aliyeingia na viza ya ukaazi moja kwa moja kutoka Unguja hana historia hiyo, naye ndiye wa kuvuta subira zaidi. Kwa vyovyote, usitupe hati za mshahara.

Mwanangu anataka kumwacha mzungu aliyemtolea kadi. Namwambia hiyo ni shukurani ya punda. Na mzungu mwenyewe hatomnyang'anya? (Mama wa Wete)

Hawezi, bi mkubwa. Kadi inatolewa na serikali, na ikishatoka tajiri hana mkono nayo tena. Akitaka kununa na anune.

Ama hilo la punda, mzungu hakutoa sadaka. Kwa kawaida tajiri hulazimika kwanza kuitangaza kazi na kuithibitishia Wizara ya Kazi ya Marekani kwamba hakumpata mtu wa huko mwenye sifa na aliye tayari. Alikuwa na haja yake, na mwanao ameitimiza. Adabu iliyobaki ni kumpa taarifa wiki mbili kabla na kutomwachia kazi nusunusu.

Mimi mpishi. Tajiri anasema nikiondoka nimrejeshee pesa za wakili na za matangazo ya kazi. (Virginia)

Za hatua ile ya Wizara ya Kazi, hapana. Tangu 2007 kanuni inamtaka mwajiri abebe mwenyewe gharama hizo, za wakili wake na za matangazo, na haruhusiwi kuzikata kwenye mshahara wako. Gharama za hatua za mbele, kama ada ya I-485, fomu ya kuombea kadi yenyewe ukiwa Marekani, ni jambo jengine. Hizo mnaweza kuwa mlikubaliana. Usome mkataba, na usitie saini karatasi mpya kwa sababu tu amekukaripia. Deni la mkataba, hata likiwepo, ni la mahakama ya madai. Halikufukuzishi nchi.

Kadi bado, maombi yamekaa ofisini tangu mwaka jana. Nihame? (Muuguzi)

Ikiwa I-485 yako imepita siku 180 na ombi la mwajiri, I-140, limekubaliwa, unaweza. Sharti kazi mpya iwe ile ile au inayofanana nayo. Uuguzi hospitali nyengine, sawa. Kuuza magari, ngoja kadi.

Nimepunguzwa kazini wiki ya sita baada ya kadi. Nataka nije Pemba msimu wa karafuu kabla ya kutafuta nyengine. (Wa Mkoani)

Hukuondoka, umeondoshwa, na nia yako haikuharibika. Barua ya kupunguzwa iweke pamoja na pasipoti.

Karafuu njoo uchume, ila urudi kabla ya miezi sita. Ukizidisha hapo, hesabu yako ya miaka ya kuishi huko inayotakiwa kwa uraia inatiwa shaka. Ukifika mwaka bila kibali cha kurejea, kadi peke yake haikuingizi. Kibali hicho kinaombwa kwa fomu ya I-131, nawe uwe bado uko Marekani. Kwa hiyo mzee akikwambia ubaki umsimamie ujenzi wa nyumba, hesabu miezi kwanza ndio umjibu.