Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Shughuli Ndani ya Mgahawa

Barua za mwezi huu zimetoka Bagamoyo, na zote zinahusu vyumba vya faragha kwa wageni wa posa, arusi ndogo na vikao.

Assalaam aleikum. Mgahawa wangu uko kwenye nyumba ya zamani ya mawe, Mji Mkongwe. Nyuma kuna chumba cha mita 2.8 kwa 6.5 ambacho nataka kukikodisha kwa shughuli za familia. Nimeweka meza ndefu katikati. Wageni wanakaa vizuri, lakini mhudumu akibeba sahani hapiti. Nitoe ukuta wa upande? — Mwenye mgahawa, Dunda

Wa aleikum salaam. Ukuta huo uache. Upana wa chumba chako uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari; boriti hizo kwa kawaida hazivuki mita 3, ndiyo maana nyumba kongwe za pwani zina vyumba vyembamba na virefu. Ukuta unaotaka kuutoa huenda ndio uliobeba vichwa vya boriti. Isitoshe, Mji Mkongwe unalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo hata kutoboa kidirisha ni jambo la kuombea kibali kwanza.

Kosa ni kuweka meza katikati. Meza ya sentimita 80 inakuachia mita moja kila upande. Mgeni na kiti chake wanakula 60, zinabaki 40. Sinia halipiti hapo. Hamisha meza upande mmoja na ujenge baraza kwenye ukuta mrefu. Hesabu inakuwa hivi: baraza sentimita 55 pamoja na mgongo wake, meza ya upana wa 75 iliyoingia juu ya baraza kwa 5, viti 60 upande wa pili, na nyuma ya viti unabaki na njia ya 95. Hapo mhudumu anapita na sinia mikononi bila kumgusa mtu bega.

Kwa urefu, mpe kila mgeni sentimita 60. Wanane kila upande ni mita 4.8. Iliyobaki weka mita 1.2 upande wa mlango kwa meza ya kupakulia. Watakaa 16. Kumi na wanane wataingia pia, ila wakianza kukata kuku viwiko vitagombana.

Usitengeneze meza moja ya mita 4.8. Mgeni wa katikati ya baraza akitaka kutoka, safu nzima inasimama. Agiza meza nne za sentimita 120 kwa 75, ukizipanga zinakuwa moja, na akitaka kutoka mtu unavuta moja tu. Seremala aziwekee mguu mmoja wa kati wenye kitako kizito, kwa sababu miguu ya pembeni inagonga magoti ya wanaoteleza kwenye baraza. Mbao ya mwembe ni rahisi lakini hupinda kwa unyevu wa pwani. Mninga au mvule ikauke kwanza, na skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida zitalia machozi ya kutu kwenye mbao kabla ya mwaka kuisha.

Sasa kimo, ambapo mafundi wengi hukosea. Mwashi anajua kiti ni sentimita 45, basi anajenga baraza la 45. Kisha linakuja godoro la sentimita 10, mgeni anakaa kwenye 52, meza ina 75, na mapaja yanabanwa. Jenga 38. Godoro zito la 10 likikaliwa hushuka hadi 7 hivi, unapata 45 kamili. Sehemu ya mgongo, pigilia fito za mbao zenye nafasi ya sentimita 3 kutoka ukutani ndipo uegemeze matakia. Takia lililogusa ukuta wa mawe huota ukungu, na buibui jeusi lililoegemea chokaa huondoka na alama nyeupe.

Feni usiitundike kwenye boriti kabla fundi hajachunguza ncha zilizozama ukutani. Huko ndiko mchwa na uozo huanzia, hata kama katikati panaonekana pazima. Feni za ukutani mbili zinatosha.

Nimepaka rangi ya plastiki mara mbili, ukuta unabambuka tena kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na unatoka unga mweupe. Rangi ipi imara zaidi? — Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

Hakuna rangi ya kutibu hilo. Jiwe la matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa taratibu kupitia uso wa ukuta. Ukiziba uso kwa lipu ya saruji au rangi ya plastiki, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Unga unaouona ni chumvi hiyo.

Anza nje: je, maji ya bati yanamwagika chini ya ukuta, au udongo umepanda juu ya sakafu ya ndani? Hilo lisiporekebishwa, yanayofuata ni kazi bure. Kisha bandua lipu ya saruji kwa patasi na nyundo nyepesi hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Nyundo nzito inavunja matumbawe. Chumvi ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani.

Lipu mpya ni chokaa iliyolowekwa, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiguse, una chumvi ileile unayoikimbia. Lowesha ukuta kidogo, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, ning'iniza magunia mabichi mbele yake lisikauke kwa pupa na kupasuka, halafu ndipo uongeze la pili. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano. Nzito huonekana nzuri siku ya kwanza, kisha hutoka unga. Kwa kazi hii usichukue oda ya chumba kwa mwezi mzima.

Taa za chumba chetu zinapepesa hadi wageni wanalalamika macho. Fundi umeme amebadilisha balbu zote. — Meneja wa mgahawa

Tazama feni kwanza. Taa ikiwa juu ya mapanga, kila panga linapopita linakata mwanga. Shusha taa ziwe sentimita 75 juu ya meza, au zipeleke ukutani kwenye vidaka. Kama zinapepesa hata feni ikiwa imezimwa, na mna swichi ya kupunguza mwanga, basi balbu zenu si za kupunguzwa. Zinazofaa huandikwa hivyo kwenye boksi. Chagueni zilizoandikwa 2700K, yaani za mwanga wa manjano. Nyeupe kali zinafanya pilau ionekane imelala.

Familia nyingi zinataka kula chini, kwa sinia. Chumba ni mita 5 kwa 7. Tupokee wangapi? — Msomaji, Kaole

Thelathini. Sinia moja na watu watano linahitaji duara la mita 2. Pangeni safu mbili za masinia matatu, katikati muache mita 1 ya kupita, na mita nyingine 1 karibu na mlango kwa viatu. Rafu ya mita 2 yenye ngazi nne inabeba jozi 32. Bomba mbili za kunawa ziwe nje ya mlango, la sivyo wa mwisho kunawa anakuta nyama imeisha. Na kila shughuli wekeni viti vitatu vinne na meza ndogo pembeni, maana wazee wenye magoti mabovu hawasemi mpaka waulizwe.