DuckTales: anza na kasha la tatu

Umeuliza kama kasha lako la kwanza la DVD za DuckTales, katuni ya Disney, ni feki kwa sababu halina mwanzo wa hadithi. Hapana, hukuuziwa kasha feki. DuckTales ya zamani, ile ya 1987 hadi 1990, ilitolewa kwenye DVD bila kufuata mpangilio. Hadithi ya mwanzo, bata Donald anapojiunga na jeshi la majini na kuwaacha wapwa wake kwa mjomba wake tajiri, Scrooge, ina vipindi 5, na waliiweka kwenye kasha la TATU. Nani aliamua hivyo, sijui alikuwa anawaza nini! Kwa hiyo usilirudishe ulilo nalo, tafuta la tatu ulitazame kwanza.

Mfululizo mzima una vipindi 100. Makasha matatu ya 2005 hadi 2007 yana 75 tu, halafu kimya cha miaka zaidi ya kumi. Vile 25 vilivyobaki vilitoka 2018 kwenye kasha la nne, tena kupitia klabu ya wanachama ya Disney huko Marekani, si madukani. Hilo ndilo litakalokusumbua mfukoni. Ukiona mtu anauza "seti kamili" yenye makasha matatu, muulize la nne liko wapi.

Jambo lingine: DVD hufungwa kwa namba ya eneo la dunia, na deki ya eneo jingine huenda isizisome. Makasha haya ni ya Marekani, yaani eneo namba 1, na deki zinazouzwa kwa soko la Afrika Mashariki ni za eneo namba 5. Hakikisha deki yako inasoma maeneo yote kabla hujatuma hela. Filamu ya DuckTales ya 1990 inauzwa peke yake, haimo humo.