Maswali yenu kuhusu kanisa la Trinity na mtaa wa Wall Street

Maswali ya Trinity, lile kanisa la Episcopal la mawe ya kahawia pale Broadway inapokutana na Wall Street, New York, yamekuwa mengi, basi leo nayajibu haya kwa mkupuo.

Hivi Episcopal ni Wakatoliki au dhehebu la kivyake? (Dodoma)

Ni Waanglikana, ndugu yangu. Wamarekani walipojitoa kwa Mwingereza mapadri wao wasingeweza tena kumwapia mfalme utii, ndo wakaunda kanisa lao 1789, ila ushirika ni uleule wa Anglikana ya kwetu. Ukiingia ibadani utaifuata tu.

Kanisa limezungukwa na maghorofa, kwa nini hawakuuza kiwanja wapate hela? (Nakuru)

Hela wanazo asee, tena nyingi. 1705 Malkia Anne aliwapa ekari 215 za Manhattan, enzi hizo mashamba tu, nyingine wakagawa (chuo ambacho leo ni Columbia kilianzia kwao 1754), nyingine wakauza, wamebaki na kama ekari 14 maeneo ya Hudson Square na wanapangisha maofisi. 2018 Disney walikubali kutoa dola milioni 650 kwa sehemu moja tu kwa miaka 99, na hapo ni kupanga, hawajanunua. Jengo lenyewe ni la tatu, la kwanza liliteketea kwenye moto mkubwa wa 1776, la pili likabomolewa, hili la sasa ni la 1846 na mnara wake wa mita 86 hivi hakuna jengo la New York lililoupita hadi 1890.

Kaburi la Alexander Hamilton liko hapo kweli? (Morogoro)

Lipo dada, huyo mmoja wa waasisi wa Marekani alikufa 1804 baada ya kupigwa risasi na Aaron Burr, makamu wa rais, kwenye pambano lao la bastola, na mkewe Eliza kalala pembeni yake. Lakini nakuomba usiishie hapo. Mwaka uleule wa 1697 parokia ilipopata hati yake, ilipiga marufuku Waafrika kuzikwa kwenye uwanja wake. Na hawa ndio watu waliofanyishwa kazi ya kujenga ule ukuta (kwa Kiingereza wall) wa Waholanzi wa 1653 ulioupa mtaa jina, na kuanzia 1711 hadi 1762 walikuwa wanauzwa na kukodishwa sokoni mwisho wa Wall Street hiyohiyo, upande wa mtoni. Wakawa wanazika wenzao nje ya mji, baadaye mji ukakua ukajengwa juu ya makaburi, watu wakasahau kabisa, hadi 1991 wanachimba msingi wa jengo la ofisi za serikali wakakuta mifupa. Walitolewa watu 419, karibu nusu ni watoto, na inakadiriwa pale walizikwa kama 15,000. Wamarekani weusi walipiga kelele mpaka uchimbaji ukasimamishwa, mabaki yakazikwa tena kwa heshima 2003, halafu 2006 pakatangazwa eneo la kumbukumbu ya taifa.

Sisi tunaijua Mkunazini, Unguja, kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, na anayeingia pale anaambiwa amesimama wapi. Wall Street watu wengi wanapiga picha kwa Hamilton wanaondoka, na hilo linaniuma sana kwa kweli.

Septemba 11 kanisa lilipona vipi? (Mombasa)

Nadhani unaulizia St. Paul's, kanisa dogo la parokia hiyohiyo, la 1766, George Washington alisali hapo siku aliyoapishwa 1789. Liko ng'ambo ya barabara tu na palipokuwa na yale maghorofa pacha, na halikuanguka. Mti mkubwa uani ndio uliong'oka. Halafu kwa miezi kama 8 zimamoto, polisi na waokoaji walikuwa wanakula pale, wanalala kwenye mabenchi, wanakandwa miguu, wanarudi kwenye kifusi.

Kiingilio bei gani na nafikaje? (Kigali)

Bure. Panda treni namba 4 au 5 ushukie Wall Street, unatokea hapohapo kanisani. Ukitoka panda na Broadway kwa miguu, utaikuta St. Paul's kushoto, endelea tu hadi Duane Street ugeuke kulia, makaburi ya Waafrika yako hapo.