Barua kwa binti yangu: kinyongo cha mwanajeshi

Mwanangu,

Umeniuliza kama mumeo ni mgonjwa au amegeuka tu mtu wa kisirani. Unasema amerudi salama kutoka Somalia, usingizi anapata, hashtuki mlango ukibamizwa, lakini tangu jina lake likose kwenye orodha ya waliopandishwa cheo hana habari nyingine kinywani.

Mimi namwona mgonjwa, ila hakuugulia vitani. Kiwewe cha risasi na mabomu madaktari wa Marekani walikitambua rasmi mwaka 1980. Wako hakutishwa, alionewa, au ndivyo anavyoamini. Mwaka 2003 daktari wa akili wa Berlin, Michael Linden, aliandika juu ya watu wa namna hii, wanaougua kinyongo. Aliwaona baada ya Ujerumani mbili kuungana, watu waliopoteza kazi na heshima zao. Walilirudia tukio moja la kudhalilishwa usiku na mchana. Na kuwatibu ni shida, maana mgonjwa huuliza: mkosaji ni yule, mbona nitibiwe mimi?

Si ndiye huyo mumeo? Krismasi alipokuja hapa Lanet, chai haijapoa akachomoa mfukoni ile barua ya kunyimwa cheo. Mikunjo imechakaa hadi mwanga unapenya. Aya ya pili alinisomea kwa kichwa, macho yakiwa dirishani.

Jeshini kinyongo hukosa pa kutokea. Raia akionewa atakimbilia chama cha wafanyakazi, au ataacha kazi kesho. Askari hana chama, na kumjibu afande ni kosa. Januari 1964 askari wa hapa hapa Lanet waliasi, kisa mshahara na maafisa wa Kiingereza waliobaki juu yao hata baada ya uhuru wa Kenya. Wakazimwa na wanajeshi wa Uingereza! Wazee tuliowakuta kambini walikisimulia kisa hicho kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo usimwambie "sahau" wala "mwachie Mungu" (mama yako najua keshamwambia). Kwake hiyo ni dhuluma ya pili. Mwambie unaamini kilimuuma, kisha msikilize. Linden naye haanzi na habari ya kusamehe. Humpa mgonjwa kisa cha watu wengine, chenye tatizo lisilo na suluhisho, amweleze kila mhusika anaonaje, hadi polepole aweze kukitazama cha kwake. Mtafutieni mshauri wa nje ya kambi. Wa ndani, mumeo atamwogopa kwa ajili ya faili lake la kazi.

Hapa sitanii: akianza kusema "watanijua mimi ni nani", au kugawa vitu vyake, usingoje asubuhi. Kinyongo cha namna hii huleta mawazo ya kulipiza kisasi na ya kujiua pia, na mumeo kazi yake ni ya bunduki. Nipigie saa yoyote. Gilgil si mbali, nitafika.

Watoto waje likizo ya Agosti, yeye pia. Unga msibebe, mahindi tunayo.

Babako