Unapopima viini vya seli za tezi dume, anza na kikopo cha fomalini

Ukipewa slaidi za tezi dume upime ukubwa wa viini, uliza kwanza tishu ilishikwaje tangu itoke mwilini. Programu ya kupimia haioni yaliyotokea kabla ya slaidi kuwekwa hadubinini.

Sindano ya biopsi (kuchukua kipande kidogo cha tishu kwa uchunguzi) hutoa uzi wa nyama wenye unene wa karibu milimita 1. Utumbukizwe papo hapo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Ukilazwa juu ya shashi kavu, kingo zake hukauka na viini vya pembeni haviaminiki tena. Ukibanwa kwa koleo, viini hurefuka na kuvujiana kama wino uliomwagikiwa maji. Hivyo viruke. Viruke pia vya kwenye kingo zilizoungua, hasa katika vipande vilivyokwanguliwa kwa kitanzi cha umeme kupitia njia ya mkojo.

Tezi nzima ina shida yake. Fomalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, tena hiyo ni mwanzoni tu. Tezi ya sentimita 4 isiyokatwa wala kudungwa fomalini huiva nje huku katikati ikianza kuoza, basi viini vya sehemu hizo mbili visiingie kwenye wastani mmoja.

Fomalini yenyewe iwe ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi zinazozuia asidi: mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye haidrojeni mbili (NaH₂PO₄·H₂O) na gramu 6.5 za Na₂HPO₄ isiyo na maji. Ujazo wake uwe angalau mara 10 ya tishu. Bila bafa hugeuka kuwa na asidi na kuacha chembe za kahawia-nyeusi, ambazo programu huweza kuzihesabu kuwa viini.

Kisha huja pombe ya kuondoa maji na nta ya kushikilia tishu ikatwe, na tishu husinyaa. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 10, eneo la kiini hupungua kwa 19 na ujazo kwa 27. Ndiyo maana hatukubali kulinganisha slaidi za nta na za tishu iliyogandishwa, wala na seli zilizopakwa na kukaushwa hewani, ambazo hutandazika na kuonekana kubwa.

Kata kwa maikromita 4, siku zote. Kisu hupita popote kwenye kiini, mara nyingi pembeni, hivyo hata kiini cha duara kamili, kwa mkato mwembamba sana, hukupa wastani wa takriban asilimia 79 tu ya kipenyo chake halisi. Kwa nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 58, maji ambamo vipande huelea yawe karibu nyuzi 45. Yakizidi sana, kipande hutanuka na kupasuka.

Rula iliyo ndani ya lensi ya hadubini unayochungulia ipimwe upya kwa kila lensi na kila hadubini. Tumia slaidi ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100. Mathalani, mistari 100 ya rula hiyo ikilingana na migawanyo 25 ya slaidi, kila mstari ni maikromita 2.5. Chembe nyekundu za damu zilizo jirani zitakuonyesha kama slaidi mbili zimesinyaa sawa. Usizichukulie kuwa rula, maana nazo husinyaa.

Katika jedwali la vipimo, kando ya namba ya sampuli, andika saa ya kutolewa, saa ya kuingia fomalini, saa ya kutoka na unene wa kipande. Sampuli isiyo na saa hizo tunaiweka kundi la peke yake.