Barua kwa Ngoie: simu yako na usiku wa Mazembe

Mwanangu Ngoie,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ufute TikTok, Instagram na hayo mengine yote mpaka mitihani iishe, maana unakesha na simu, na ukiiweka chini moyo unakuambia wenzako wanapata kitu usichokipata. Kutoka chuoni kwako Kasapa mpaka kwetu Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, si safari ya kutisha, lakini umeniandikia saa nane za usiku. (Usiniulize mama yako alikuwa macho kwa nini.) Nakujibu kwa karatasi, mdogo wako atakuletea.

Msemo wangu unaujua: jambo la maana litakufuata nyumbani. Nilikuambia ulipokuwa unalilia sherehe za jirani, nikamwambia na baba yenu alipotaka televisheni ya mkopo. Bado nausema. Ila kila nikitaka kuuandika hapa, tarehe 14 Desemba 2010 inanijia.

Wewe ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa nkambo, bibi yako. Mazembe, timu yetu ya mpira, walikuwa Abu Dhabi, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, na Internacional ya Brazili. Mimi nilikuwa zamu, materniti. Mwenzangu aliyeahidi kunishikia hakutokea, na mpaka leo sijui alikuwa nganda gani, baa ipi. Nimemshika mkono mama mmoja anasukuma, mara mji mzima ukalipuka. Kabangu amefunga. Baadaye ukalipuka tena: Kaluyituka. Mbili bila! Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali ile. Asubuhi natoka kazini, watu bado wanaimba njiani, vijana wanarukaruka kwa makalio kama kipa wetu Kidiaba, wamejaa matope mpaka shingoni, nami nimebeba mfuko wa sare chafu, najiona mgeni katika mji niliozaliwa.

Fainali na Inter ya Milano, Jumamosi tarehe 18, niliomba ruhusa mapema nikakaa mbele kabisa. Tukafungwa tatu bila. Yote matatu niliyaona vizuri sana.

Baba yako mdogo kila Krismasi lazima aulize: "Shemeji, ile siku ya Internacional ulikuwa wapi?" Anajua vizuri nilikuwa wapi. Wote wanacheka, nami nacheka, kisha naenda jikoni kusonga bukari, ugali wetu, iliyokwisha kuiva.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba woga wako ni wa kitoto. Jambo la maana lilinifuata nyumbani, ndiyo. Magoli yale nimesimuliwa mpaka nayajua kuliko walioyaona. Lakini bado linauma.

Ila Mazembe walicheza dakika 90, refa akapuliza, kila mtu akarudi kwake. Simu yako haina refa. Yaya yako, mkubwa wako, alinieleza kwamba ule ukurasa unaoteremka bila kufika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani, Aza Raskin, na baadaye mwenyewe akaujutia hadharani. Zamani ulifika chini, ukabonyeza ili uende ukurasa wa pili, na hapo kichwa kilipata nafasi ya kujiuliza: niendelee, nilale? Nafasi hiyo wameiondoa. Na huko ndani mechi haziishi. Kila saa kuna mtu anayesherehekea bila wewe, na yeye akizima kamera anakwenda kuchungulia za wengine.

Unakumbuka intaneti ilipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi wa Desemba 2018? Karibu wiki tatu. Siku za mwanzo ulizunguka uani umeinua simu juu. Kisha ukaanza kulala. Ukacheza karata na wadogo zako, ukasoma, wala sikukusikia ukisema umepitwa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Naona ni kwa sababu sote tulikosa pamoja. Ukifuta peke yako, wenzako watabaki uwanjani na wewe utakuwa zamu.

Basi nimesema usifute? Sijasema. Macho yako Jumapili niliyaona yalivyokuwa mekundu. Tena, kusema kweli, kifo cha shangazi wa Likasi tulikijua kwa WhatsApp. Bila hiyo tungefika watu wameshatoka makaburini. Na kwenye kundi la promosheni yenu, wanafunzi wa mwaka wenu, ndiko profesa anakobadilishia saa ya mtihani. Hayo yasingenifuata nyumbani hata ningengoja mlangoni. Lakini hakuna profesa anayebadilisha saa ya mtihani kwenye TikTok, na kilio cha shangazi hakikutangazwa Instagram. Ningekuwa mimi, leo hii hii ninge... Hapana. Una kadi ya mpiga kura, amua mwenyewe. Ila ukiniuliza mara ya pili nitakujibu, na jibu langu unalijua.

Ndani ya bahasha hii kuna pesa. Ni ya chakula, Ngoie. Si ya mega za intaneti.

Mama yako